Mdandia Apewa Uraia

Nchi yenyewe haimo kwenye ramani, kwa hiyo msomaji usijisumbue kuitafuta; na ukiona inafanana na pahala unapopajua, lawama ziende kwa macho yako, si kwa kalamu yangu. Inaitwa Jamhuri ya Shukurani. Huko mwananchi akikanyagwa mguu husema asante, akikanyagwa na wa pili husema asante sana, na Serikali, kwa kuwa inasikia asante kila upande, inaamini inapendwa. Ina bendera, ina wimbo, ina Wizara ya Mapokezi na Tabasamu, na ina hifadhi moja kubwa ya wanyama iitwayo Lukwale.

Kwenye lango la Lukwale alikuwapo askari mmoja, Koplo Stamili Ngwembe, mama wa makamo, mfupi, mwenye mabega ya mtwangaji na mdomo usiokosa la kusema. Kazi yake kwa miaka kumi na tisa ilikuwa moja tu: kusugua viatu vya watalii.

"Mguu, baba. Wa kulia kwanza. Usiogope, sikuchukulii kiatu chako, hata hakinitoshi."

Mtalii aliinua mguu, Stamili akauweka juu ya kigoda, akausugua kwa brashi ya waya, kisha kwa ncha ya kijiti akachokonoa kwenye mishono na chini ya kamba. Kilichotoka alikikagua kama mtu achambuaye mchele wa wageni. Vumbi alilipuliza. Mbegu hakuziachia.

Mbegu zenyewe zilikuwa za gugu linaloitwa mdandia. Jina hilo walilitoa askari, kwa sababu mbegu yake haina mabawa wala miguu, ila ina vindoano sita, na kwa vindoano hivyo hufika popote kwa kudandia: soksi, kamba ya hema, matope ya tairi, pindo la suruali. Ua lake ni la zambarau, zuri, zuri la kukusahaulisha ulikotumwa. Lakini utomvu wake ni mchungu hata mbuzi huutema, na mdandia ukishaota mahali, nyasi hufanya kama wenye nyumba waliofikiwa na mgeni mwenye mizigo mingi: husogea kidogo, husogea tena, mwisho wanajikuta wamelala uani.

Mbegu alizozikamata Stamili alizitia kwenye bahasha ya kaki. Juu yake aliandika tarehe, idadi, na kiatu kilikotoka, halafu kwa herufi kubwa: ZA KUCHOMWA. Kila Ijumaa bahasha zilipanda gari kwenda Makao Makuu. Ndivyo utaratibu ulivyotaka, maana katika Shukurani hata moto una ofisi yake, na langoni hapakuwa na ofisi ya moto. Saa za asubuhi, kabla wageni hawajaamka, aliingia ndani ya hifadhi na jembe, akang'oa mdandia ulioponyoka, na kila shina alilong'oa akaliandika kwenye daftari: siku gani, wapi, mangapi.

Elimu yake ilikuwa ya darasa la saba na ya magoti. Kwa kupiga magoti miaka yote hiyo aliyajua mambo ambayo wataalamu wa Wizara, kwa kuwa suruali zao zilikuwa na mkunjo wa pasi, hawakuwahi kuyajua. Mdandia ulipenda palipochubuliwa. Kando ya barabara, kambini, kwenye maegesho, nyuma ya vyoo, ukingoni mwa mto pale watalii wanaposhuka kuwapiga picha viboko: palipopita tairi leo, mwezi ujao ulichungulia. Lakini ndani ya Msitu wa Ngulu, ambako miti imeshikana mikono na jua huingia kwa kubisha hodi, mbegu ilitoa majani mawili, ikageuka njano, ikafa siku ya tisa. Alijaribu mara saba. Mara sita ilikufa siku ya tisa, na mara moja siku ya kumi, akaisamehe kwa kuwa mvua ilinyesha.

Katikati ya msitu huo ndimo ulimo Uwanda wa Chiponda. Hakuna gari lililowahi kufika. Kila mwaka nyamera, wale swala wakubwa wa mbugani, walivuka kivuli cha Ngulu kwa mstari mmoja, wajawazito mbele, wakaenda kuzaa Chiponda kwenye nyasi fupi ambazo kwingine kote Lukwale zilikwisha kuwa zambarau. Stamili hakuhitaji daftari kwa hesabu hiyo. Chiponda ikipotea, nyamera hawana pa kuzalia.

Siri ya kivuli hakuiandika popote, kwa sababu fomu ya taarifa ilikuwa na nafasi ya "idadi" na nafasi ya "tarehe", haikuwa na nafasi ya "kwa nini". Alimwambia mtu mmoja tu.

*

Mtu huyo alikuwa Lwitiko Kasiga. Waliingia depo ya mafunzo siku moja, wakala ugali wa mchanga sufuria moja, wakapangwa Lukwale pamoja. Mwaka wao wa kwanza walitumwa kung'oa mdandia wa kambi ya mtoni, wakang'oa siku kumi na moja mpaka vidole vikavimba vikashindwa kushika kijiko. Siku ya mwisho Lwitiko aliinua ile mikono yake kama mtu anayeomba dua.

"Dada, nakuapia kwa mikono hii, gugu hili haliingii Chiponda mimi nikiwa hai."

"Kwanza upone, kaka, ndipo uape. Mikono hiyo hata nzi haimfukuzi."

Baada ya hapo walifuata kila mmoja kipaji chake. Stamili alijua kung'oa magugu, akabaki kung'oa magugu. Lwitiko alijua kuandika kwamba magugu yameng'olewa, akawa Mhifadhi Mkuu.

*

Sasa ikatokea bibi mmoja mtalii, mwenye kofia pana na moyo mpana zaidi, akaandika kwenye kitabu cha wageni: "Nimetembea nchi arobaini, lakini sijaona mila ya kupokea mgeni kwa unyenyekevu kama hii ya kumsafisha miguu. Nimelia."

Wizara ikasoma. Nayo ikalia. Wiki ya pili msafara ulifika langoni ukimleta Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Daktari Nderemo, mtu aliyekuwa na matabasamu matatu: la wageni, la kamera, na la kufukuzia watu kazi. Udaktari wake ulikuwa wa heshima, na aliuheshimu sana.

"Ndugu wananchi!" alisema, ingawa walikuwapo askari wanne na dereva. "Kumbe tulikuwa na mila na hatuna habari! Mababu zetu walikuwa wakimsafisha mgeni kiatu tangu enzi ambazo viatu havijaletwa! Taifa gani jingine limetangulia hivyo?"

Askari wakasema asante.

"Lakini," akaendelea, akiishika brashi ya waya kwa vidole viwili kama mkia wa panya, "mila haiwezi kuwa na kitu kikali namna hii. Balozi mmoja alichunwa ngozi ya kiatu. Kuanzia leo, mgeni atapanguswa kwa unyoya wa mbuni."

Stamili akanyoosha mkono. "Mheshimiwa, unyoya hautoi mbegu."

"Mama, unyoya unatoa tabasamu."

"Tabasamu halitaliwa na nyamera, Mheshimiwa."

Waziri akatumia tabasamu lake la tatu. Lwitiko, aliyekuwa nyuma yake, akakohoa haraka. "Koplo anatania, Mheshimiwa. Huyu ni mtani wetu hapa langoni."

Basi zikaletwa ngoma mbili, vitenge, na unyoya. Stamili akavalishwa shanga ambazo kwao hazivaliwi hata harusini. Watalii wakaongezeka maradufu. Alipangusa, wakapiga picha, wakaingia na viatu vyao na mbegu zao, na mdandia ukaifuata kila barabara ya Lukwale kama uzi unavyofuata sindano. Jioni, wageni wakishaondoka, Stamili alitoa brashi yake kutoka chini ya kigoda, akaangalia kulia na kushoto, akasugua matairi ya magari yaliyolala.

*

Tabu kubwa ilianza Wizara ilipogundua kwamba Lukwale kuna jambo zuri ambalo hakuna mgeni aliyelipiga picha, nalo ni nyamera wakizaa. Jambo zuri lisilopigwa picha, kwa sheria za Shukurani, ni uzembe. Ikaamuliwa barabara ipasue Msitu wa Ngulu mpaka Chiponda.

Kikwazo kilikuwa kimoja. Sheria ya Hifadhi, ambayo ilipitishwa siku wabunge wengi walipokuwa safarini, ilikataza kujenga barabara yoyote itakayopeleka mmea wa kigeni mahali usipokuwapo. Stamili alipolisikia hilo alipiga mluzi. Akamkimbilia Lwitiko ofisini kwake.

"Kaka, sheria ipo! Tumewashika."

"Tumewashika, dada. Lakini sheria bila ushahidi ni mbwa asiye na meno." Lwitiko alisimama, akafunga mlango, akashusha sauti. "Nipe daftari zako. Zote. Nitaziweka mezani kwa kamati, wahesabu wenyewe mdandia umefika wapi na kwa njia gani."

"Zote kumi na tisa?"

"Zote. Unaniamini, huniamini?"

"Unaniuliza swali la kijinga kwa sauti ya chini," alisema Stamili, akacheka. Kesho yake alizifunga kwenye gunia, akazibeba kichwani mwenyewe. Alikataa kupakia kwenye gari, kwa kuogopa zisije zikalowa.

Kamati iliyokaa haikuwa ile aliyoitarajia. Juu ya mlango waliandika: KAMATI YA URAIA. Ndani, kwenye kiti cha mbele chenye mto mwekundu, ulikuwa umekalishwa mdandia mmoja ndani ya chungu, umefungwa utepe wa rangi za taifa.

"Mwombaji amefika," alisoma Mwenyekiti, mzee mwembamba aliyekuwa na miwani miwili na akitumia yote. "Ndugu Mdandia anaomba uraia wa Jamhuri. Sheria inasema aliyekaa nchini miaka kumi na mitano mfululizo, na ukaaji wake ukaandikwa na mtumishi wa umma, ni raia. Akiwa raia, si wa kigeni. Asipokuwa wa kigeni, barabara haina kikwazo. Ushahidi upo?"

"Upo, Mheshimiwa," alisema Lwitiko. Akafungua gunia.

Stamili alihisi kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwapo. Alitaka kusema kitu, lakini alikwisha kuitwa mbele.

"Koplo, mwandiko huu ni wa nani?" aliuliza Lwitiko, bila kumwangalia machoni.

"Unaujua, kaka."

"Kwa kumbukumbu za kamati."

"Wangu."

"Mwaka wa kwanza umeandika: 'Mdandia, kambi ya mtoni, mashina mia nne.' Ni kweli alikuwapo?"

"Nilimng'oa!"

"Alikuwapo, hakuwapo?"

"Alikuwapo."

"Mwaka wa pili?"

"Alikuwapo, lakini..."

"Wa tatu? Wa nne?"

Wakaenda hivyo mpaka wa kumi na tisa. Mwenyekiti alivua miwani ya juu akaifuta. "Sijapata kuona mwombaji mwenye nyaraka safi hivi. Kila mwezi, kila mahali, kwa mkono mmoja wa mtumishi mwaminifu. Nina jamaa zangu hawana hata nusu yake."

Stamili akapaza sauti. "Na nyamera je, Mheshimiwa? Wao wamekuwapo tangu dunia!"

"Wana nyaraka?"

"Nyaraka gani? Wamekuwapo tu!"

"Kuwapo tu si ushahidi, mama," alisema Mwenyekiti kwa upole, akagonga muhuri. Mdandia ukapigiwa makofi. Wimbo wa taifa ukaimbwa, nao ukasimama wima wakati wote, jambo lililowagusa wengi.

Nje, Stamili alimshika Lwitiko mkono wa shati.

"Kaka, umeniuza."

"Sikukuuza, dada. Nimekunukuu."

"Uliapa!"

"Na kiapo kipo palepale. Fikiri kidogo: niliapa gugu haliingii Chiponda. Sasa si gugu tena, ni raia." Alimpigapiga begani. "Ningekataa, wangemleta mwingine asiyekujua hata jina. Heri mimi ninayekuonea huruma."

*

Wapima barabara walipita ukingoni mwa Ngulu, na mvua ikapita nyuma yao. Baada ya wiki mbili Stamili aliona shina moja la mdandia, changa kabisa, limetoka ndani ya alama ya tairi lao. Hakuwaza. Mkono uliofanya kazi moja miaka kumi na tisa hauombi ruhusa kwa kichwa. Akaling'oa.

Bahati mbaya akaonwa na mwandishi wa gazeti la Wizara aliyekuja kulipiga picha.

Mashtaka yalisomwa: kumng'oa raia mahali pa umma. Hakimu, kwa kutaka kuwa mwadilifu, aliuliza kama mshtakiwa amewahi kutenda kosa hilo kabla. Zikaletwa daftari kumi na tisa. Makarani watatu walijumlisha siku mbili, wakapata mashina elfu sita mia nne na kumi na mawili.

"Mahakama ina huruma," alisema hakimu. "Haitakufunga. Kwa kila raia uliyemng'oa utapanda kumi. Utapanda pande zote za barabara mpya, ndani ya Msitu wa Ngulu, kwa kuwa Wizara ina utaratibu kwamba barabara isiyo na maua kuanzia mwanzo hadi mwisho haifunguliwi. Una la kusema?"

Stamili alikuwa na mengi. Lakini aliposikia "ndani ya Msitu wa Ngulu", yote yakamtoka kichwani likabaki moja, na hilo hakulisema.

"Asante, Mheshimiwa," alijibu, na kwa mara ya kwanza katika historia ya Shukurani neno hilo lilitoka moyoni.

*

Miche alielekezwa akaichukue Makao Makuu, nyuma ya ofisi ya Mhifadhi Mkuu. Hakuwa amewahi kufika huko nyuma. Alidhani angekuta tanuri la kuchomea, lenye masizi ya miaka kumi na tisa.

Alikuta kitalu. Matuta marefu, yamemwagiliwa, yana vivuli vya makuti vya kufunua na kufunika, na miche ya mdandia imepangwa kama kuruta siku ya gwaride. Mbele ya kila tuta palichomekwa kijiti, na juu ya kila kijiti palitundikwa bahasha ya kaki. Alisogea akasoma. Tarehe. Idadi. Kiatu kilikotoka. Zile herufi kubwa zilikuwa zimekunjiwa kwa nyuma.

Mtunza kitalu, Bwana Chitete, mzee mchangamfu, alikuja akifuta mikono.

"Unapenda, mama? Mbegu hizi hazina mfano. Kila bahasha ina asili yake na siku yake. Huyo anayezikusanya sijamwona, lakini nakwambia, ni mtu mwenye mapenzi makubwa na maua."

"Mnaziotesha tangu lini?"

"Tangu Mhifadhi Mkuu huyu apewe cheo. Alisema wageni wanalalamika nyasi hazipigiki picha. Basi kambi zote, mahoteli yote, maegesho yote, miche imetoka hapa kwa mkono wangu."

"Na vyoo vya mtoni?"

"Pale nilipanda mwenyewe!" alisema Bwana Chitete kwa fahari.

Stamili alikaa chini juu ya ndoo iliyogeuzwa. Miaka yote hiyo alikuwa amewanunia wageni. Aliwaita wachafu, aliwatania, aliwachokonoa viatu hadi wakaruka. Kweli walileta. Lakini wao walileta mbegu tatu kwenye soksi bila kujua, na yeye alizikusanya, akazihesabu, akazifunga vizuri zisipotee, akazituma kwa gari la Serikali.

"Mama, unaumwa?" aliuliza Bwana Chitete. "Nikuletee maji?"

"Niletee miche, mzee wangu. Minono. Nataka kwenda kuipanda leo leo."

*

Haijapata kuonekana adhabu iliyotumikiwa kwa moyo kama ile. Alichimba mashimo yenye kina sawa, akatia samadi, akanyunyiza maji asubuhi na jioni. Barabara ilikwisha kupenyezwa kati ya vigogo, nyembamba, matawi bado yakiifunika juu; aliipanda miche kandokando yake chini ya miti minene kabisa, kila mche akiusemesha: "Haya mwananchi, jikunje hapo, pana ubaridi mzuri." Wasimamizi walimsifu kwa maandishi.

Siku ya tisa barabara yote ilikuwa ya njano.

Ufunguzi ukaahirishwa. Ikaletwa miche mingine, ikapandwa kwa mapenzi yaleyale, ikafa siku ya tisa. Wizara ikaunda tume. Tume ikasema mmea una upweke, wakaletwa watalii wa kujitolea kuuimbia. Ukafa ukisikiliza. Tume ya pili ikasema raia huyu hajathaminiwa, kikatundikwa cheti chake cha uraia juu ya mti ili akione. Tume ya tatu iliuliza kama kuna uchawi, ikamleta mganga, naye baada ya kupiga ramli saa nzima akasema tatizo liko juu. Wote wakadhani anaisema Serikali, wakamfukuza.

Stamili alikuwa akipiga mluzi. Nyamera walikwisha kuanza kukusanyika upande wa pili wa msitu, matumbo yakining'inia. Mwezi mmoja tu, aliwaza. Wakizaa salama mwaka huu bajeti itakuwa imegeuka, Waziri atakuwa amehamishwa, barabara itasahaulika kama nyingine. Mwezi mmoja tu.

Siku moja Lwitiko alikuja peke yake, bila dereva. Alitembea barabarani mikono nyuma, akachuchumaa, akashika jani la njano, akalifikicha. Kisha polepole akainua uso kuangalia juu, kwenye majani yaliyoshonana bila tundu. Akaangalia muda mrefu. Aliposhusha macho yalikutana na ya Stamili.

Halafu Lwitiko akaanza kucheka, kile kicheko cha depo, cha kutikisa mabega bila sauti ili afande asisikie.

"Dada, wewe ni balaa."

"Mimi mfungwa wa watu, kaka. Natumikia adhabu yangu."

"Kwa samadi!"

"Kwa samadi na maji mara mbili."

Walicheka mpaka wakakaa. Stamili alifungua kitambaa, akatoa viazi vitamu vya kuchemsha, wakala wawili barabarani kama zamani, Lwitiko akimenya kwa kucha. Kuhusu kitalu, Stamili hakumuuliza. Alikuwa ameliandaa swali hilo siku nyingi, lakini mtu unayecheka naye namna ile humwulizi. Unaogopa kuvunja kitu kilichoungwa sasa hivi.

"Nisamehe, dada," alisema Lwitiko mwenyewe, akijifuta makombo. "Yale ya kamati. Niliogopa."

"Umeshakula viazi vyangu. Nitakudai nini tena?"

Siku hiyo Stamili alirudi nyumbani akaoga, akalala ubavu mmoja mpaka asubuhi.

*

Baada ya siku tano aliisikia misumeno akiwa bado mbali na msitu. Ilikuwa minane, ya injini, inalia kwa zamu. Alipofika alikuta mwanga. Mwanga mahali ambapo hakuwahi kuona kivuli chake mwenyewe. Sasa kilikuwa kimelala mbele yake barabarani, kifupi, cheusi. Miti ilikwisha kulazwa pande zote mbili, hatua thelathini huku, thelathini huku, kunyooka mpaka Chiponda. Miche iliyobaki ilikuwa imeinua vichwa, ya kijani.

"Nani kasema mkate miti?" alimpigia kelele msimamizi wa kazi.

Msimamizi alimpa karatasi. Ilikuwa barua ya Mhifadhi Mkuu kwa Wizara. Ilieleza kwa lugha safi kwamba mdandia haustahimili kivuli, kwamba hufa siku ya tisa, isipokuwa mvua ikinyesha, ambapo hufa siku ya kumi. Na kwamba dawa ni kuondoa miti. Chini kabisa iliandikwa: "Ugunduzi huu ni wa Koplo Stamili Ngwembe, ambaye juhudi zake kwa taifa zinastahili kutambuliwa."

Zikatambuliwa. Siku ya ufunguzi, mdandia ulikuwa na maua yake ya kwanza, na magari arobaini na mawili yalisubiri kuingia. Mheshimiwa Nderemo alimsamehe adhabu iliyobaki, akamvika nishani ya daraja la nne, na kutangaza kwamba sayansi ya wazawa imefungua Chiponda. Mbele yao, ng'ambo ya utepe, nyamera walikuwa wamesimama kwenye ukingo wa kivuli kilichobaki, wajawazito mbele, wakiitazama ile njia nyeupe ya mwanga bila kujua waivuke vipi. Watalii wakasema wanapendeza. Utepe ukakatwa, injini zikawashwa, na nyamera wakageuka wakakimbia kurudi walikotoka, ambako hakukuwa na nyasi.

Lwitiko alikuja akimnong'oneza, uso umemng'aa kwa furaha ya kweli.

"Umeona, dada? Jina ni lako. Sikujipa sifa hata kidogo. Na adhabu imefutwa! Nilikuhangaikia mno."

Stamili alikuwa akiyaangalia magari. Aliyahesabu yote mpaka la mwisho lilipopita.

"Kaka," alisema, "habari ya kivuli, nilimwambia nani mwingine?"

Lwitiko alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Hakuna. Mimi tu."

"Basi."

Walifanya kazi hifadhi moja miaka minne mingine mpaka Stamili alipostaafu, na hakumwambia neno jingine. Wizara, katika taarifa yake ya mwaka, iliandika kwamba malalamiko kutoka lango la Lukwale yamekwisha kabisa, ikamshukuru Mhifadhi Mkuu.